Motokaa ya Umeme na Majirani wa Ghorofani

Siku moja baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya zetu aliingia ofisini mwa parokia, simu mkononi, uso umemkunjamana. Baada ya Tumsifu Yesu Kristu na shikamoo, nikamwuliza kama amekuja kuandikisha ubatizo wa mjukuu.

"La, mwanangu," akasema. "Nimekuja uniambie neno moja. Mtu anakaa Ulaya, katika nyumba ambayo umeme haukatiki mchana wala usiku. Anapika kwa umeme, anaota moto wa umeme, hata kupanda juu anapandishwa kwa umeme. Tena amenunua motokaa ya umeme. Sasa ananiambia hana mahali pa kuitia umeme motokaa yake. Je, ananidanganya?"

Mtu mwenyewe ni binti yake, muuguzi wa wazee huko Oslo, mji mkuu wa Norway. Kwa miezi 3 alikuwa hakutuma kitu nyumbani, na sababu aliyoitoa ni hiyo motokaa. Mama alihofu kwamba nyuma ya maneno hayo kuna jambo lingine, labda ugonjwa, labda ugomvi na mumewe. Akaniomba nizungumze na binti, kwa kuwa yeye akisikia sauti ya mwanawe huanza kulia na salio la simu huisha. Nikampigia. Tulizungumza muda mrefu siku ile, na siku nyingine tena na tena.

Binti hakudanganya. Na yale aliyonieleza, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye ili nimwelewe, nimeona vema niwaandikie. Wengi wenu mna watoto mijini, wengine mnao ng'ambo, na motokaa za namna hii zinazidi kila mwaka.

NYUMBA MOJA, MILANGO 40

Nyumba anayokaa binti ina familia 40 juu ya ghorofa 5. Yeye, mumewe na watoto wao 2 wako ghorofa ya 2. Sisi huku kijijini, mtu akijenga nyumba yake, hata ikiwa ya tope, ukuta ni wake, paa ni lake na uwanja ni wake. Akitaka kupigilia msumari hamwulizi mtu. Nyumba ya ghorofa sivyo. Vyumba vya ndani ni vyako, lakini ngazi ni ya wote, paa ni la wote, mahali pa kuwekea motokaa ni pa wote, na waya mkubwa uletao umeme kutoka barabarani ni wa wote pia. Mita yako husoma umeme wa vyumbani mwako tu. Basi motokaa yalala chini, mita iko juu, na katikati yake pana mali ya watu 40.

Mwenye nyumba yake peke yake katika nchi zile hana taabu. Humwita fundi umeme, akamfungia kisanduku ukutani, na jioni akirudi kazini huchomeka motokaa kama sisi tuchomekavyo simu. Asubuhi imejaa. Ndiyo maana wenye nyumba na uwanja walitangulia kuzinunua, na watu wa ghorofani wakafuata kwa mashaka.

Waliowahi kupanga chumba mjini watalielewa jambo hili upesi. Nyumba ina vyumba 6, mita ya LUKU ni moja, wapangaji wanachanga. Mmoja ana taa na redio tu. Mwingine ana pasi, jokofu na jiko la umeme. Uniti zikiisha saa 2 usiku, ndipo utakaposikia maneno yasiyofaa kuandikwa katika gazeti la nyumbani kama hili. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilikaa katika nyumba ya namna hiyo, nami nakiri kwamba pasi ilikuwa yangu.

WAYA DIRISHANI

Majira yake ya kwanza ya baridi na motokaa ile, binti alifanya kama wengi walivyofanya kabla yake. Alinunua waya mrefu, akauteremsha kutoka dirishani mpaka uwanjani. Umeme ulikuwa wa mita yake, malipo yake, hakumwibia mtu. Lakini dirisha halikufungika sawasawa, na nje maji yameganda kuwa barafu. Watoto wakalala na makoti. Usiku wa 4 mwenyekiti wa nyumba akagonga mlango. Akasema kwa upole, lakini akasema: waya ule umekatiza njia wanayopita wazee na watoto, tena waya wa namna ile haukufanywa kwa kazi ile.

Jirani mmoja alitafuta njia nyingine. Gereji ya chini ya nyumba ina soketi 1, iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya kusafishia sakafu. Umeme wa soketi ile hulipwa na wote kwa pamoja. Yeye akawa anachomeka motokaa yake pale usiku, wenzake wakiisha kulala. Je, ni wizi? Niliwauliza hivyo vijana wa parokia katika kikao chao. Nusu walisema ni wizi. Nusu wakasema hapana, ni kama mtu anayechaji simu yake ofisini kwa karani. (Hapo nilitazamwa mimi.) Mimi nikasema tupime kwanza, ndipo tuhukumu.

Umeme huuzwa kwa uniti. Jagi la umeme la kilowati 2 likichemka saa nzima hula uniti 2. Simu hula kidogo sana, hata uniti 1 yaweza kuchaji simu mara 50 hivi. Sasa motokaa ya umeme ya kawaida ina betri ya uniti 60 hivi, nzito, kilo mamia, imelazwa chini ya sakafu. Uniti 15 mpaka 20 huiendesha kilometa 100. Wakati wa baridi kali hula zaidi, maana hata joto la ndani ya motokaa hutoka katika betri ile ile. Binti huenda kazini na kurudi kilometa 40. Kwa hiyo kila siku ya kazi anatumia uniti 8 hivi, na kwa siku 25 ni uniti 200. Hapa kwetu TANESCO ina kundi la wateja wadogo, wale ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Motokaa moja, basi, yala umeme wa nyumba karibu 3 za wateja hao. Vijana waliposikia hesabu hiyo walicheka, na upande wa pili haukusema tena habari ya simu.

Liko na jambo la hatari. Soketi ya kawaida ya kule hutoa kilowati 2 na kidogo. Uniti 8 huchukua karibu saa 4, na betri tupu yataka zaidi ya saa 24. Soketi ya ukutani haikufanywa kubeba mzigo mzito saa nyingi bila kupumzika. Hupata moto, na ikiwa kuukuu au imelegea yaweza kuungua. Kwa hiyo mamlaka ya usalama ya Norway huwashauri watu wasifanye desturi ya kuchaji kwa soketi ya kawaida, bali wafungiwe kisanduku maalumu chenye waya wake na fyuzi yake.

Baada ya mwenyekiti kuukataza waya wa dirishani, binti alibaki na mashine za barabarani. Hizo zina nguvu nyingi, kwa nusu saa hivi zaweza kujaza sehemu kubwa ya betri, lakini bei yake ni kubwa kuliko ya umeme wa nyumbani. Akitoka zamu ya usiku, badala ya kwenda kuwaamsha watoto waende shule, hukaa foleni kwenye theluji akingoja motokaa 2 zilizomtangulia. Miezi 3 alifanya hivyo, na ndipo zilipokwenda fedha za mamaye.

Si Norway tu. Uingereza, kwa miaka mingi, kodi ya ongezeko la thamani katika umeme wa nyumbani ilikuwa asilimia 5, lakini katika umeme wa mashine za barabarani ilikuwa asilimia 20. Yaani mwenye uwanja wake hulipa kidogo, na asiye na uwanja hulipa kodi mara 4. Hilo halikunipendeza hata kidogo.

KWA NINI ALIINUNUA

Mama aliuliza swali hilo kabla yangu. Wazee anaowahudumia binti wako nje ya mji, na zamu huanza saa ambayo basi la kwanza halijafika. Motokaa alihitaji. Na katika Norway ya leo, mtu akisema motokaa mpya, karibu amesema motokaa ya umeme. Mwaka 2024, katika kila motokaa mpya 100 zilizouzwa nchini humo, 89 hivi zilikuwa za umeme mtupu.

Hayo hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1989 waimbaji 2 wa kundi la a-ha, pamoja na kiongozi wa Bellona, chama cha kutetea mazingira, waliingiza nchini Fiat Panda ndogo iliyogeuzwa kutumia umeme. Wakapita nayo katika vizuizi vya ushuru wa barabara bila kulipa, kwa makusudi. Wakatozwa faini, wasilipe. Motokaa ikakamatwa, ikanadiwa, wakainunua tena. Watu walicheka sana, lakini serikali ikaanza kusikia. Mwaka 1990 motokaa za umeme zikaondolewa kodi ya kununulia, ambayo kule ni kubwa sana. Mwaka 1997 zikasamehewa ushuru wa barabara, na 2001 zikasamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Misamaha hii imepunguzwa miaka ya karibuni, lakini kazi yake imeonekana. Umeme wao karibu wote hutoka katika maji ya milimani, kama huu wetu wa Kidatu na wa Bwawa la Nyerere. Ni kweli kwamba nchi hiyo hiyo huuza mafuta na gesi nyingi kwa wengine. Wenyewe wanalijua jambo hilo na hubishana juu yake.

Basi serikali ilifaulu kuwauzia watu motokaa. Waya wa kuifikisha kwenye ghorofa ya 2 hauletwi na serikali. Huo lazima upite kwa majirani.

KURA 2

Nyumba ile ni mali ya chama cha ushirika. Msomaji aliyezoea ushirika wa kahawa au wa pamba asishangae. Huu ni ushirika wa kukaa. Wao huuita borettslag, na ziko nyingi mno. Chama kikubwa kiitwacho OBOS kilianza mjini Oslo mwaka 1929 kwa ajili ya watu waliokosa mahali pa kukaa. Kila mwanachama hununua hisa, na hisa ile humpa haki ya vyumba vyake. Wanachama huchagua halmashauri. Kila mwezi kila mlango hulipa mchango wa mikopo, wa kutengeneza paa, wa taa za ngazini. Kila mwaka, kabla ya mwisho wa Juni, hufanya mkutano mkuu, na kila mwenye hisa ana kura 1, awe na vyumba 2 au 5.

Halmashauri haikumfukuza binti. Ilikubali kwamba anayo haki, lakini ikamwonyesha kuwa kila mtu akivuta waya wake mwenyewe, waya mkubwa wa nyumba hautatosha na gereji itajaa nyaya kama kichaka. Ikapendekeza kazi moja ya pamoja: waya mmoja mkubwa uzungushwe gereji nzima, na kila mwenye nafasi ya motokaa aunganishe kisanduku chake hapo kwa gharama yake. Jambo kubwa la namna hiyo lataka theluthi 2 za kura. Mwaka jana waliohudhuria walikuwa 31. Waliokubali 19, waliokataa 12. Zilitakiwa 21. Pendekezo likaanguka kwa kura 2.

Binti aliponisimulia alikuwa bado na hasira. "Kaka, watu hawa ni wachoyo," akasema. "Hawana wanachopoteza."

Nikamwomba anieleze waliokataa walisema nini. Akanitajia wawili.

Wa kwanza ni bibi mmoja mjane wa chini kabisa. Alisimama mkutanoni akasema: "Mimi dukani naenda kwa miguu, na hospitali naenda kwa basi. Sijapata kuendesha motokaa maisha yangu yote. Kwa nini mchango wangu wa mwezi upande kwa ajili ya waya wenu?"

Mimi nikamwambia waziwazi: "Dada, bibi huyo hana kosa." Akanyamaza. Akanijibu kwamba bibi yule hulipia pia lifti, naye yuko chini. Sawa, lakini bibi aishiye kwa pensheni huhesabu kila senti, na lifti alilikuta. Huu waya ni mzigo mpya. Ushirika wetu wa mazao umepata kufa kwa sababu ndogo kuliko hii, kwa kuwa wachache walinunuliwa pampu kwa makato ya wote. Kumbe hata kule nyumba nyingine zimeliona jambo hilo. Hupanga kwamba mkopo wa waya ulipwe na wale wenye nafasi za motokaa peke yao, na asiye na nafasi asiguswe. Manispaa ya Oslo nayo ilitoa ruzuku kwa nyumba za ushirika ili kupunguza gharama hiyo. Katika pendekezo la mwaka jana mkopo uligawanywa kwa milango yote 40. Binti alikuwa amelisoma pendekezo lote, na hakuliona hilo kuwa kitu.

Wa pili ni mzee mmoja wa ghorofa ya 3, ambaye zamani alikuwa baharia. Yeye anaogopa moto.

HABARI YA MOTO

Hofu hii yastahili kusikilizwa. Januari 2020 gereji ya uwanja wa ndege wa Sola, karibu na mji wa Stavanger, iliungua. Mamia ya motokaa ziliteketea na sehemu ya jengo ikaanguka. Watu walisema papo hapo kwamba ni zile za umeme. Uchunguzi ukaonyesha kwamba moto ulianza katika motokaa ya dizeli, na kwamba zile za umeme hazikuuongeza nguvu. Hesabu zilizofanywa Norway na Sweden zaonyesha pia kwamba motokaa za umeme hushika moto mara chache kuliko za petroli na dizeli, ukilinganisha idadi yake.

Lakini tusiseme upande mmoja tu. Tarehe 1 Agosti 2024, mjini Incheon katika Korea ya Kusini, motokaa ya umeme iliyokuwa imeegeshwa tu, wala haichajiwi, ilishika moto katika gereji iliyo chini ya nyumba za ghorofa. Motokaa kama 140 ziliharibika. Watu zaidi ya 20 walipelekwa hospitali kwa sababu ya moshi, na mamia ya familia wakakaa bila maji wala umeme katika joto kali. Mabomba ya darini, yale ya kumwaga maji ya kuzima moto, hayakumwaga kitu, kwa kuwa mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha kuyasimamisha. Moto wa betri ni mgumu kuzima. Huweza kuonekana umekufa, kumbe waendelea ndani, na baadaye ukawaka tena.

Kwa hiyo mzee yule baharia hakusema upuzi. Aulize kama nyumba ina mabomba ya kuzimia moto, kama yanapimwa kila mwaka, na kama waya utafungwa na fundi mwenye leseni. Akijibiwa hayo kwa ukweli, nadhani atajua kwamba kisanduku kilichofungwa vizuri ni salama kuliko waya wa dirishani na soketi ya mashine ya sakafu, ambazo watu watazirudia kama hawakupewa kitu kingine. Tena motokaa zenyewe zimo tayari gereji, na zile za petroli zimelala humo miaka 50 bila mtu kuuliza.

KUPOKEZANA KAMA KISIMANI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote, maana mimi hesabu nazipenda.

Wengi husema nyumba ya zamani haiwezi kubeba motokaa nyingi. Tuseme nyumba ina motokaa 30, na kila kisanduku kina nguvu ya kilowati 7. Wote wakirudi saa 11 jioni wakachomeka pamoja, ni kilowati 210, na saa ile ile majiko yote yanapika. Waya wa nyumba hauwezi. Fundi atasema unahitajika waya mpya kutoka barabarani, labda na transfoma mpya, na bei yake itawaua watu.

Lakini hebu tuangalie wanachohitaji kweli. Kila motokaa yataka uniti 8 hivi kwa siku. Motokaa 30 ni uniti 240. Toka saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 8, na watu wamelala, majiko yamezimwa. Gawa 240 kwa 8, ni kilowati 30 tu. Hizo ni sawa na majagi 15 ya chai katika nyumba ya milango 40. Kidogo hupotea njiani, lakini hesabu haibadiliki sana.

Nani awapange? Siku hizi visanduku hivyo huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja hupima umeme unaotumiwa na nyumba nzima, na kinachobaki hugawanywa kwa motokaa zilizochomekwa. Nyumba ikitumia sana, motokaa hupewa kidogo au husimama kabisa. Nyumba ikilala, hupewa zaidi. Kila kisanduku kina mita yake, na kila mtu hulipa uniti zake mwenyewe. Asubuhi wote wamepata cha kuwatosha, ijapokuwa hakuna aliyejaza upesi.

Nilipomweleza mama hayo hakutaka hesabu zangu hata moja. "Ni kisima cha Kwaresima," akasema. Wakati wa kiangazi, kisima chetu kinapopungua, wanawake hawateki wote alfajiri. Upande wa juu huteka asubuhi, upande wa chini jioni, na ndoo ya mgonjwa hupita kwanza. Kisima hakikuchimbwa upya.

HAKI IMEANDIKWA

Nchi kadhaa zimeweka sheria juu ya jambo hili. Ufaransa ilitangulia mwaka 2010 kuwapa watu wa ghorofani haki ya kuwekewa mahali pa kuchaji. Norway ilitunga sheria kwa wenye vyumba vya kumiliki, iliyoanza kutumika 1 Januari 2018, kwamba halmashauri isikatae bila sababu ya maana, na baadaye nyumba za ushirika nazo zikapewa haki kama hiyo. Ujerumani ilifuata 1 Desemba 2020, tena huko hata mpangaji aweza kumdai mwenye nyumba ruhusa.

Sheria ni njema. Hata hivyo binti alikuwa na sheria mkononi, na motokaa yake ikabaki foleni barabarani. Sheria husema usikataliwe bila sababu. Haisemi jirani akupende, wala haitoi zile kura 2.

Wala msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Januari 2024 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba motokaa za petroli na dizeli zisiingizwe tena nchini, ziingie za umeme tu. Umeme wao nao karibu wote ni wa maji. Na katika Addis Ababa serikali imejenga, tangu miaka ya 2000, nyumba za ghorofa nyingi kabisa kwa ajili ya watu wa kawaida, zenye ngazi moja na uwanja mmoja kwa familia nyingi. Kwetu Dar es Salaam ghorofa zinaota kila siku, na bajaji za umeme zimekwisha kuonekana barabarani. Mwanao akikuambia anataka kununua chumba ghorofani, mwulize mita iko wapi, uwanja ni wa nani, na mkutano wa wenye nyumba hufanyika lini.

SIKU YA MSARAGAMBO

Nirudi kwa binti. Siku moja mama alikuwapo ofisini tulipopiga simu, akaomba aseme yeye.

"Mwanangu, hao waliokukatalia unawajua majina?"

Kimya.

"Umekaa nyumba hiyo miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Miaka 4! Yule bibi mjane, umepata kuingia kwake hata mara moja ukamjulia hali? Wewe muuguzi wa wazee?"

Binti alieleza kwamba kule watu hawaingiliani ovyo, kila mtu hufunga mlango wake. Akasema ni desturi. Lakini akakumbuka kwamba kila mwaka majira ya baridi yanapokwisha, nyumba nzima hutoka siku 1 kusafisha uwanja kwa pamoja, kufagia majani, kupaka rangi uzio, kisha hunywa kahawa na kula soseji. Huiita dugnad. Yeye hajapata kwenda, maana zamu zake huangukia siku hizo.

"Huo ni msaragambo," mama akasema. "Badilisha zamu."

Alibadilisha. Alinisimulia mwenyewe, safari hii akicheka, jinsi alivyosukuma toroli la majani mabichi pamoja na yule mzee baharia, na mzee alipojua kwamba anatoka Tanzania akamtajia bandari ya Tanga na ya Mtwara alizopata kufika ujana wake. Hakuzungumza habari ya waya mpaka mzee alipoanza mwenyewe. Halafu wakaenda wote wawili kwa mwenyekiti kuuliza mabomba ya kuzimia moto yalipimwa lini mara ya mwisho. Ikaonekana miaka imepita. Hilo limetiwa katika pendekezo jipya, yapimwe kwanza. Na bibi wa chini amesomewa maneno ya mkopo mara 2, polepole, kwamba watakaolipa ni wenye nafasi za motokaa tu. Hakusema ndiyo. Alisema atafikiri, akamkaribisha binti kahawa.

Mkutano ni Jumatano ijayo, jioni. Kura zinazotakiwa hazijulikani mpaka watu wahesabiwe mlangoni.

Jana mama alipita tena ofisini kwangu. Hakukaa. Aliweka sadaka mezani akasema anaomba Misa. Nikafungua daftari la nia, nikauliza niandike kwa ajili ya nani, marehemu au mgonjwa. Akafikiri kidogo.

"Andika, kwa majirani wa binti yangu."

Nimeandika hivyo. Jumatano, Misa ya saa 12 na nusu asubuhi.